Madoa ya maji ya nyumbani: je, dawa yake ni vinia sita?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 27, nimekulia Maji ya Chai, Arumeru, na sasa naishi Dar es Salaam. Meno yangu ya mbele ya juu yana mistari myeupe kama chaki, na mawili ya katikati yana madoa ya kahawia. Moja lina vitobo viwili vidogo kama vya sindano. Hayaumi. Nafunga ndoa baada ya miezi mitatu. Kliniki moja imeniambia dawa ni vinia sita za kauri, vile vigae vyembamba vinavyobandikwa mbele ya meno. Rafiki yangu anasema kuna saluni wanabandika kwa siku moja, bila kuchonga, kwa bei nafuu. Mimi nimeacha dawa ya meno yenye floraidi kwa sababu floraidi ndiyo iliyoniharibu. Sasa natumia mkaa na limao. Je, vinia lazima jino lichongwe? Zinadumu miaka mingapi? Na mtoto wa dada yangu ana mwaka mmoja na nusu, anakulia huko huko nyumbani. Tunaweza kumwokoa na haya madoa?"

Marahaba. Tuanze na mkaa na limao, maana hayo hayawezi kungoja miadi ya daktari: acha leo. Asidi ya limao inalainisha uso wa jino, kisha chembe za mkaa zinaukwangua ukiwa bado laini. Doa lako haliko juu ya jino, liko ndani ya ganda, kwa hiyo unachokwangua ni ganda zima, pazuri na pabaya pamoja. Na ganda hilo, yaani enameli, halina seli hai ndani yake. Likiisha halioti tena kama kucha. Kila tiba nzuri ya meno kama yako, vinia zenyewe zikiwamo, inashikilia kwenye enameli iliyobaki.

Unachouliza hasa ni kama mistari myeupe, madoa mawili na vitobo viwili vinatosha kuwa sababu ya kuchonga meno sita. Kwa maelezo uliyotoa, jibu langu ni hapana, si kwa kuanzia. Huenda mwishoni ukafika kwenye vinia, lakini ufike huko ukiwa umeshajaribu tiba ndogo zaidi, na huenda hizo zenyewe zikakutosha.

Kilichokupata ni maji, si uchafu. Watu waliokulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, na wenzao wa Nakuru, Naivasha na Gilgil upande wa Kenya, wanaijua tabia ya kufunika mdomo kwa kiganja wakati wa kucheka. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na maji yakipita humo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mito na visima kadhaa vya huko kwenu vinazidi kiwango hicho kwa mbali. Hukukosea kupiga mswaki utotoni, wala mama yako hakukosea kukulea.

Meno ya kudumu ya mbele huanza kujengwa ndani ya taya mtu akiwa bado mtoto mchanga. Seli zinazojenga enameli hutandaza kwanza protini, kama fundi anavyofunga mbao kabla ya kumwaga zege. Kisha madini yanajaa, na ile protini inavunjwavunjwa na kuondolewa. Floraidi ikizidi, protini inachelewa kuondoka na madini hayajai sawasawa. Uso wa nje kabisa unatoka mgumu, lakini chini yake panabaki vinyweleo vidogo mno. Kwa meno mawili ya katikati ya juu, umri wa hatari zaidi ni kati ya mwaka mmoja na mitatu. Mtoto akifika miaka 8 hivi, enameli ya meno yote ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, imeshakamilika.

Ndiyo maana jino lako halikuota likiwa na kahawia. Liliota na weupe wa chaki. Kahawia ilikuja baadaye, rangi za vyakula na vinywaji zilipopenya kwenye vile vinyweleo mwaka hadi mwaka. Vitobo navyo ni mahali ambapo tabaka gumu la juu lilibomoka kwa kutafuna, kwa kuwa chini yake palikuwa hapana nguvu ya kulishikilia.

Unaweza kuyaona haya mwenyewe. Simama mbele ya kioo penye mwanga wa dirisha, inua mdomo wa juu, kausha meno kwa karatasi laini, kisha kaa mdomo wazi dakika moja. Mistari myeupe itakolea na kuongezeka. Pitisha ulimi, itafifia. Vinyweleo vikijaa maji, mwanga unapita ndani yake karibu sawa na unavyopita kwenye enameli nzima. Maji yakikauka hewa inachukua nafasi, na mwanga unatawanyika na kurudi mweupe. Jaribio hili lina habari njema ndani yake, kwamba kinyweleo kinachoweza kuingiza maji na hewa mara nyingi kinaweza kuingizwa resini pia, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa. Tutarudi hapo. Lina onyo pia: rangi ya jino ichaguliwe mwanzoni mwa miadi, meno yakiwa na unyevu, kamwe si baada ya kukaa mdomo wazi nusu saa.

Kuhusu dawa ya meno, nakuelewa ulivyofikiri, lakini umeacha rafiki ukidhani ni adui. Floraidi iliyokuharibu ni ile uliyoimeza utotoni wakati enameli inajengwa. Ujenzi ulikwisha zamani. Floraidi inayogusa jino lililokomaa kwa nje haiwezi kuongeza doa hata moja. Kazi yake ni kurudisha madini pale asidi za bakteria zinapoyatoa. Na meno yenye vitobo yanahitaji ulinzi huo zaidi, kwa sababu vitobo vinahifadhi chakula. Rudi kwenye dawa ya watu wazima yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, imeandikwa ubavuni mwa boksi. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi.

Sasa, nimesema floraidi kwa sababu ya ulikokulia na unavyoyaeleza madoa, lakini lazima daktari ayaangalie. Madoa ya floraidi hukaa kwa jozi: la kulia linafanana na la kushoto, na mistari inapita kimlalo kufuata jinsi jino lilivyokua. Doa jeupe lililokaa kama hilali pembeni mwa ufizi, kwa mtu ambaye ufizi wake unatoka damu, mara nyingi ni mwanzo wa kuoza. Doa kwenye jino moja tu linaweza kutokana na kuanguka utotoni na kugonga jino la maziwa. Jino moja linalozidi kuwa la kijivu huenda mshipa wake umekufa, na hilo linahitaji picha ya eksirei na tiba ya mzizi. Kubandika kauri juu yake bila kujua ni kufunika moto kwa majani. Kliniki iliyokuambia vinia sita, je, ilikupiga picha, ikapima fizi, ikagusa vitobo kwa sindano ya uchunguzi? Kama mazungumzo yalianza na kuisha kwenye rangi na bei, tafuta daktari wa pili.

Kwa madoa ya kahawia, tiba ninayoipa nafasi ya kwanza ni kusugua kwa asidi na chembe, ambayo kwenye kliniki utaisikia ikiitwa maikroabrasheni. Usiifananishe na limao lako. Meno yanatengwa kwa shuka la mpira ili asidi isiguse fizi, unavishwa miwani, kisha daktari anapaka dawa yenye asidi ya haidrokloriki, kwa kawaida kama asilimia 6.6, iliyochanganywa na chembe ngumu. Anasugua kwa kikombe cha mpira kinachozunguka polepole, kama dakika moja, anaosha, analowesha jino na kulitazama. Anarudia mara kadhaa, na anasimama doa likiisha au akiona linagoma. Jumla ya enameli inayoondoka, kazi ikifanywa kwa kiasi, ni sehemu ndogo ya milimita, chini ya 0.2 kwa kawaida. Rangi ya kahawia iliyo karibu na uso huondoka vizuri sana, wakati mwingine kwa miadi moja. Weupe mzito wa chaki haukubali kirahisi hivyo. Baada ya kazi unapakwa floraidi, na kwa siku mbili unajiepusha na chai ya rangi, kahawa, manjano na mchuzi wa nyanya nzito, kwa sababu uso bado una kiu.

Kahawia inayobaki inaweza kupunguzwa kwa dawa ya kung'arisha. Ile ninayoiamini zaidi ni jeli ya kabamidi peroksaidi asilimia 10, ndani ya trei laini iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, unavaa usiku kwa wiki mbili au zaidi. Meno ya floraidi huchukua muda mrefu kuliko ya watu wengine. Nikuonye mapema kuhusu siku za mwanzo: mistari myeupe itaonekana imezidi, na wengi hukata tamaa hapo. Jino lote likiendelea kuwa jeupe, tofauti inapungua. Meno yakisisimka kwa baridi, ruka usiku mmoja. Kama una mimba au unanyonyesha, ahirisha. Na baada ya kung'arisha, subiri wiki mbili kabla ya kubandika chochote, kwa sababu oksijeni iliyobaki ndani ya enameli inazuia gundi kushika.

Mistari myeupe ina tiba yake, na hapa ndipo lile jaribio la kioo linarudi. Daktari anafungua uso kwa jeli ya asidi ya haidrokloriki asilimia 15 kwa dakika mbili, anaosha, anakausha, kisha anadondosha spiriti. Spiriti inajaza vinyweleo kwa muda, na kwa sekunde chache mnaona matokeo yatakavyokuwa. Weupe ukififia, anaendelea: anapaka resini nyepesi kama maji, anaiacha ipenye dakika tatu, anaigandisha kwa taa ya buluu, anarudia safari moja fupi. Weupe usipofifia, anarudia asidi, mara moja au mbili tu. Hakuna sindano ya ganzi wala kuchonga. Udhaifu wake ni kwamba madoa yaliyo ndani sana hupungua bila kuisha, na si kila kliniki ina vifaa hivyo. Ukiambiwa hawana, uliza kwa nani vinapatikana, usikubali kwamba haipo duniani.

Vitobo viwili ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Vinasafishwa, vinazibwa kwa komposaiti, plastiki ya kuzibia yenye rangi ya jino, vinang'arishwa, na unaondoka saa hiyo hiyo. Ikishika rangi baada ya miaka mitano, sita, inang'arishwa upya au inabadilishwa, na jino linabaki lako.

Haya, vinia. Ni kigae chembamba cha kauri kinachofunika uso wa mbele wa jino na ukingo wake. Daktari mmoja wa Hollywood, Charles Pincus, alizianzisha mwaka 1928 kwa waigizaji wa filamu, lakini zilishikiliwa na unga wa kubandikia meno ya bandia, na mwigizaji alizivua kamera zikizimwa. Hazikuweza kudumu mpaka mwaka 1955, Michael Buonocore alipoonyesha kwamba asidi ya fosforiki ikipakwa kwenye enameli inaacha vishimo vidogo ambavyo plastiki inaweza kujishikiza. Mwaka 1983 ikaonyeshwa kwamba kauri nayo inaweza kuliwa na asidi na kushika vivyo hivyo. Vinia ya leo inakaa kwa sababu ya mshiko huo wa pande mbili. Kauri yenyewe ni dhaifu, ukiishika mkononi unaweza kuivunja kwa vidole. Ikishikamana na enameli inakuwa na nguvu ya ajabu. Ikishikamana na dentini, lile tabaka la njano lililo chini ya enameli, mshiko unakuwa hafifu na unachakaa mapema.

Kwa hiyo swali la kuchonga ni swali la milimita. Kwa kawaida uso wa mbele unapunguzwa milimita 0.3 hadi 0.5, na ukingo wa chini kama milimita 1.5 pale ambapo kauri itaufunika. Shika karatasi za fotokopi: moja ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo tunazungumzia karatasi tatu hadi tano. Ni kidogo, lakini karibu na ufizi enameli nzima yenyewe haizidi sana unene huo. Mkono ukizama kidogo tu hapo, umefika kwenye dentini. Daktari makini hachongi kwa kukisia. Anatengeneza kwanza umbo la mwisho kwa nta juu ya nakala ya meno yako, analihamishia mdomoni kwa plastiki ya muda ili uone, na anachonga kwa kipimo cha umbo hilo. Akikuonyesha meno ya plastiki kabla ya kuwasha mashine, umefika mahali pazuri.

Vinia zisizochongewa kabisa zipo kweli, kwa meno madogo au yaliyokaa nyuma kidogo. Kwa jino lenye doa zina tatizo: kauri nyembamba inaonyesha kilicho chini yake. Kila ngazi moja ya rangi unayotaka kubadilisha inahitaji kauri ya milimita 0.2 hadi 0.3. Kahawia nzito inadai kauri nene. Kauri nene inadai ama jino lichongwe zaidi, ama jino litokeze mbele na kuonekana la plastiki. Ndiyo sababu nyingine ya kuondoa kahawia kwanza hata kama mwishoni utaweka vinia. Msingi ukiwa mweupe, kauri inaweza kuwa nyembamba na yenye uhai.

Siku ya kubandika ndiyo siku inayoamua umri wa vinia. Kauri inapakwa ndani asidi ya haidrofloriki na kuoshwa, kisha dawa iitwayo saileni. Jino linapakwa asidi ya fosforiki ya asilimia 37 hivi, kwa kawaida sekunde 30. Hapa meno ya kwenu yana ugumu wao: lile tabaka la juu lililoshiba floraidi halili asidi kirahisi, na muda wa kawaida unaweza kuacha uso unaong'aa badala ya kuwa mweupe usiong'aa, kama kioo kilichofifishwa. Daktari anayeyajua meno ya floraidi huongeza muda, hata kufika dakika moja au zaidi, au huondoa kwanza tabaka hilo, na hukagua weupe huo baada ya kukausha. Ni sawa kabisa kumuuliza: "Umeshabandika kwenye meno yenye floraidi? Unafanyaje kwenye asidi?" Mate au damu vikiingia hatua hii, vinia inaweza kudondoka miezi michache baadaye. Kwa hiyo fizi zinazotoka damu zinatibiwa kabla, si baada.

Zinadumu muda gani? Zikibandikwa kwenye enameli na mikono inayojua, nyingi sana zinavuka miaka 10, na wapo wanaofikisha 15 na 20. Lakini una miaka 27. Hata kila seti ikidumu miaka 15, utazibadilisha mara mbili au tatu kabla ya uzee, na kila mabadiliko yanagusa jino tena. Bei uliyotajiwa ni ya seti ya kwanza tu. Omba maelezo ya gharama kwa maandishi, na ndani yake iandikwe ni nani analipa moja ikivunjika mwaka wa kwanza.

Zinavyoharibika hakuna siri. Kingo zinamegeka kwa wanaosaga meno usingizini, wanaofungua chupa za soda kwa meno, wanaomenya muwa, wanaovunja mfupa kwa meno ya mbele. Mstari wa gundi unashika rangi. Ufizi unarudi nyuma kadiri umri unavyokwenda na jino la asili linaonekana juu ya kauri. Na jino linaoza pembeni, kwa sababu kauri haiozi lakini jino lililo nyuma yake linaoza kama lingine lolote. Ukiamka na taya zimechoka, au meno yako ya chini yamelika bapa, sema kabla. Utahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Mwenye vinia anatumia mswaki laini, uzi wa meno kila siku, dawa isiyo na chembe kali, na anamkumbusha daktari yeyote asimpake jeli ya floraidi yenye asidi, maana inafifisha mng'ao wa kauri.

Sipingi vinia. Meno yenye vitobo vingi vilivyoungana, ambayo enameli imebomoka sehemu kubwa, au ambayo kahawia yake imegoma tiba zote, kauri inayatendea haki kuliko kitu kingine. Haishiki rangi ya chai na inabaki laini miaka. Hata idadi ya sita ina sababu yake wakati mwingine, kwa kuwa kulinganisha vinia moja na jino la jirani ni kazi ngumu kuliko kuweka mbili za katikati kwa pamoja. Ila kutoka mbili hadi sita lazima pawe na sababu inayoonekana kwenye meno mengine manne. Na hakikisha unachouziwa ni vinia. Kama jino linachongwa kuzunguka pande zote mpaka libaki kama kigingi, hiyo ni krauni, kofia ya kufunika jino zima, inayoondoa sehemu kubwa zaidi ya jino na kuuhatarisha mshipa. Wapo wanaosafiri nchi za mbali kutafuta "vinia" za bei ya chini na kurudi na krauni kwenye meno yaliyokuwa mazima.

Ya saluni nakusihi usiende. Kinachobandikwa kwa siku moja bila vipimo ni plastiki iliyowekwa juu ya jino, mara nyingi nene, ikigusa au kuingia chini ya ufizi. Uzi haupiti katikati, chakula kinaganda, ufizi unavimba, na jino linaoza chini kwa siri. Kuiondoa kunaweza kubeba enameli pamoja nayo. Anayegusa meno yako awe amesajiliwa. Kwa Tanzania usajili wa madaktari wa meno uko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na mtu mwenye usajili hakasiriki ukiuliza.

Miezi mitatu inatosha ukianza sasa. Wiki hii, uchunguzi, kusafisha ugaga na picha. Wiki ya pili, kusugua kahawia. Kisha trei ya kung'arisha kwa wiki nne hivi, mapumziko ya wiki mbili, halafu resini kwenye mistari na komposaiti kwenye vitobo. Hapo utakuwa wiki ya tisa au ya kumi, na utajitazama kwenye kioo kile kile cha dirishani. Ukiridhika, umemaliza. Usiporidhika, usichonge kwa haraka ya harusi: vinia za maabara zinahitaji miadi miwili au mitatu, meno yanaweza kusisimka kwa siku kadhaa, na ufizi unataka muda wa kutulia. Kwa hesabu hiyo nafuu zingoje baada ya fungate.

Usingoje miadi ya kawaida kama jino linaanza kuuma lenyewe usiku, likibadilika rangi peke yake, uvimbe ukitokea juu ya ufizi, au kitobo kikianza kunasa chakula na kusisimka kwa sukari. Na kwa wazee wa nyumbani waliokunywa maji hayo maisha yote: mgongo na viungo vikikakamaa mpaka kuinama ni shida, waonwe hospitali na wataje maji wanayokunywa, kwa sababu floraidi nyingi ya miaka mingi huingia mifupani pia.

Nimemwacha mtoto mwisho, ila kwake ndiko muda unakobana. Mwaka mmoja na nusu ni katikati kabisa ya umri ambao meno yake ya mbele ya kudumu yanajengwa, na bado yamefichika, kwa hiyo kila mwezi wa maji salama unahesabika. Kuchemsha hakusaidii. Kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua na yenyewe inabaki, ikikolea. Hivyo uji uliochemka muda mrefu kwa maji ya mto unaweza kuwa mbaya kuliko maji yenyewe. Maji yapimwe kwenye maabara ya maji. Yakizidi kiwango, maji ya kunywa na kupikia ya mtoto yawe ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe paa, au yaliyopitishwa kwenye chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto hapo Arumeru kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Yachemshwe baada ya hapo, kwa ajili ya vijidudu. Lita chache kwa siku zinatosha. Kuoga na kufua kuendelee na maji yale yale.

Mwambie dada yako aondoe pia magadi kwenye maharage na makande ya mtoto, kwa kuwa magadi ya ukanda huo hubeba floraidi nayo, na asimpe chai, maana majani ya chai yanayo. Kama bado ananyonya, aendelee: maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata mama akinywa maji mabaya. Mswaki apigwe mara mbili kwa siku kwa dawa ya ukubwa wa punje ya mchele, akifika miaka mitatu iwe kama punje ya njegere, mtu mzima akiwa ndiye anayeikamua na kumfundisha kutema.